Jembe na Kitabu

Watu wengi hudhani kuwa shule ni nyumba yenye kuta nne, madawati na ubao mweusi, na kwamba kazi yake huanza kengele ya asubuhi inapolia na hukoma watoto wanapotawanyika jioni. Historia ya shule za msingi katika Kenya yatuonyesha jambo pana zaidi ya hilo. Kwa muda wa miaka mia moja na kitu watu wa nchi hii wamekuwa wakibishana juu ya swali moja, nalo ni hili: mtoto wa shule afanye nini zaidi ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na jamaa zake wana sehemu gani katika kazi hiyo? Je, alime bustani, asuke vikapu, apande miti, asafishe kisima cha kijiji? Na baba na mama, je, wao ni watu wa kulipa karo na kurudi nyumbani, au ni walimu pamoja na mwalimu? Swali hili limejenga shule nyingi, na katika siku za dhiki limefunga shule nyingi vilevile. Kwa sababu hiyo yampasa kila kijana anayekaa darasani leo alijue lilikotoka.

Kabla ya shule za kizungu kuingia, swali lenyewe halikuwapo, kwa maana elimu na kazi za jamaa zilikuwa kitu kimoja. Katika miji ya pwani, kama Lamu na Mombasa, mtoto alipelekwa chuoni kusoma Kurani. Huko alijifunza herufi juu ya ubao wake, na pamoja na hayo alimtumikia mwalimu wake kwa kazi ndogo ndogo, kama kuteka maji na kuokota kuni. Siku alipohitimu, furaha haikuwa yake peke yake. Wazazi wake walifanya karamu na majirani wakaalikwa, kwa kuwa kufaulu kwa mtoto kulihesabiwa kuwa heshima ya mtaa mzima. Bara nako mtoto alifunzwa na mama jikoni na shambani, na baba zizini, na bibi kando ya moto wa usiku. Tena alikua akiona watu wakikusanyika kumlimia mmoja wao leo, na kesho kumlimia mwingine. Wakikuyu waliita desturi hiyo ngwatio, Wakamba wakaiita mwethya, Waluo wakaiita saga, na katika Kiswahili tunayo maneno ujima na kikoa. Mtoto aliyekulia katika desturi hiyo hakuhitaji somo la kumwambia kuwa kidole kimoja hakivunji chawa.

Shule za wamisionari zilipoanza kuenea, zilileta mgawanyiko mpya. Kitabu kiliwekwa upande mmoja, na maisha ya nyumbani upande wa pili. Ni kweli kwamba katika misheni nyingi wanafunzi walilima, walichonga mbao na kufyatua matofali. Lakini kazi hizo mara nyingi zilifanywa kwa faida ya misheni yenyewe, au badala ya karo. Serikali ya kikoloni nayo iliunda idara ya elimu mwaka 1911, na kwa miaka mingi iliyofuata ikaacha sehemu kubwa ya kuwafundisha Waafrika mikononi mwa misheni. Vijijini shule ilikuwa kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi, na mwalimu wake alikuwa kijana aliyewatangulia wanafunzi wake kwa hatua chache tu za masomo.

Hali ilikuwa hivyo mwaka 1924, ilipofika Afrika ya Mashariki tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani. Mwenyekiti wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, mwalimu mashuhuri aliyezaliwa katika nchi ambayo leo huitwa Ghana. Kwa watu wengi wa Kenya ilikuwa ajabu kumwona Mwafrika aliyesoma hadi chuo kikuu akiketi katika tume pamoja na wazungu. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1925, ikasema kwamba shule za kijiji zimejitenga mno na maisha ya kijiji. Jones alishikilia kwamba elimu inayofaa ina misingi minne: afya, matumizi mema ya ardhi na vitu vinavyomzunguka mtu, malezi ya nyumba, na michezo na burudani. Shule isiyogusa mambo hayo manne, kwa maoni yake, ilikuwa haijamfundisha mtoto kitu cha kumfaa.

Fikira hizo zilitoka mbali, na hatutazielewa vema tusipozifuata hadi chimbuko lake. Tuvuke bahari basi twende katika jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Huko, mwaka 1892, msichana mmoja mweusi aliyeitwa Virginia Randolph alianza kufundisha katika shule ndogo ya watoto weusi katika wilaya ya Henrico. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa, lakini sheria na desturi za jimbo lile ziliwatenga weusi na weupe, na shule za weusi zilipewa fedha kidogo sana kuliko zile za weupe. Mwalimu Randolph aliikuta shule yake ikiwa chafu, na uwanja wake ukiwa matope. Hakungoja serikali. Alisafisha uwanja pamoja na watoto, akawafundisha kushona, kupika na kusuka vikapu kwa vitu walivyookota karibu, na siku za mapumziko alikwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi. Mwaka 1908 yeye na watu wa shule yake walipanda miti kumi na miwili uwanjani.

Mwanzoni wazazi wengine hawakupendezwa. Walilalamika kwamba wamewapeleka watoto shuleni wajifunze vitabuni, na kwamba kazi za mikono wanazijua tayari nyumbani. Malalamiko hayo tuyaweke moyoni, maana tutayasikia tena mbele, katika nchi nyingine na kwa lugha nyingine. Watu waliokwisha kufanyishwa kazi za mikono kwa mijeledi, wao na baba zao, walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini watoto wao wafunzwe kazi hizo tena. Mwalimu Randolph hakuwashinda kwa amri. Aliwashinda kwa kuwatembelea, kwa kuwasikiliza, na kwa kuwaonyesha kwamba kikapu hakikuondoa kitabu mahali pake.

Wakati huohuo katika mji wa Philadelphia alikuwako mama mmoja tajiri wa dhehebu la Marafiki, jina lake Anna Jeanes. Mwaka 1907, muda mfupi kabla ya kufa kwake, alitoa dola milioni moja zitumike kuzisaidia shule ndogo za vijijini za watu weusi wa kusini. Mwaka uliofuata Virginia Randolph akachaguliwa kuwa mwalimu wa kwanza wa mfuko huo. Kazi yake ikawa kuzizungukia shule nyingi za wilaya yake, kuwasaidia walimu, na kuwaunganisha wazazi na shule. Walimu wa namna yake waliongezeka katika majimbo ya kusini, wakaitwa kwa jina la mama yule. Katika miaka ile pia, tangu mwaka 1912 hadi 1932, tajiri wa Chicago aliyeitwa Julius Rosenwald alitoa msaada wa kujenga karibu shule 5,000 za watoto weusi, kwa sharti kwamba wenyeji nao watoe sehemu yao. Wakulima maskini walitoa ardhi, mbao, fedha za mavuno na nguvu za mikono yao. Kwa njia hiyo jamaa ambazo sheria iliwanyima haki nyingi zilijenga kitu ambacho ziliweza kukiita chetu.

Sasa turudi Kenya. Mwaka 1925 serikali, ikisaidiwa na fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani, ilifungua chuo huko Kabete, karibu na Nairobi, nacho kikapewa jina la Jeanes. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall. Chuo hiki kilikuwa na desturi moja ambayo hata leo ni nadra katika vyuo vya walimu: mwalimu hakuja peke yake. Alichaguliwa mtu aliyekwisha kufundisha, akaja na mkewe na watoto wake, wakapewa nyumba na kipande cha shamba, wakakaa kama watu wanaokaa katika kijiji. Mume alijifunza namna ya kuzisimamia shule ndogo, kilimo, ujenzi na kanuni za afya. Mke alijifunza malezi ya watoto wachanga, chakula bora, kushona, na usafi wa nyumba. Mafunzo yalipokwisha jamaa hiyo ilirudi kwao, na mwalimu akawa na shule kadhaa za kuzitembelea. Alitazamiwa kuwahimiza watu wachimbe vyoo, walinde chemchemi za maji, wapande miti na mboga, na wafanye michezo na nyimbo. Nyumba yake yenyewe ilitazamiwa kuwa somo kwa majirani.

Hapana shaka kwamba kulikuwa na wema katika mpango huu. Ulitambua kuwa mtoto hafunzwi na mwalimu peke yake, na kuwa mama asiyejua kusoma anaweza kuwa nguzo ya elimu nyumbani mwake. Uliwapa walimu wa Kiafrika kazi ya uongozi katika wakati ambapo nafasi hizo zilikuwa chache. Ulileta mboga mashambani na maji safi visimani.

Walakini mwanahistoria hana budi kuutazama mti pamoja na udongo uliouotesha. Kenya ya miaka ile ilikuwa nchi ya walowezi. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa imetengwa kwa wazungu. Wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba kipande. Kodi iliwasukuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wengine. Shule zenyewe zilitengwa kwa rangi: za wazungu mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mbali. Elimu iliyosisitiza jembe ilikusudiwa mtoto wa Kiafrika peke yake. Mzazi aliyetazama mambo hayo aliuliza swali la haki kabisa. Ikiwa kazi ya mikono ni elimu bora kama tunavyoambiwa, mbona watoto wa watawala hawapewi elimu hiyo? Na ikiwa Kiingereza na hesabu ndizo funguo za ofisi na mahakama, mbona sisi twacheleweshwa kuzipata? Sauti ile ya Virginia ilikuwa imesikika tena, safari hii kwa Kikuyu, kwa Kiluo na kwa Kikamba.

Watu hawakuishia kunung'unika. Huko Nyanza, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, John Owalo alijitenga na misheni akaanzisha kanisa lake la Nomiya. Katika nchi ya Kikuyu mambo yalifika kileleni mwaka 1929, misheni na waumini wao walipogombana juu ya tohara ya wasichana. Desturi hiyo imepigwa marufuku na sheria ya Kenya ya mwaka 2011, na wachache leo wataitetea. Lakini katika siku zile ugomvi ulibeba ndani yake mambo mengine mazito, kama ardhi, heshima, na swali la nani mwenye haki ya kuamua juu ya watoto wa watu. Wazazi wengi walijitoa katika shule za misheni wakajenga zao. Zilitokea jumuiya mbili kubwa, moja ikaitwa Chama cha Shule Huru za Kikuyu na nyingine Karing'a. Karo, michango, mbao, mawe na nguvu za mikono vilitoka kwa wananchi wenyewe.

Mwaka 1939 jumuiya hizo zilipata chuo chao cha kuwafunza walimu huko Githunguri, katika Kiambu. Mwanzilishi wake alikuwa Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange. Kijana huyu alikuwa amekwenda Marekani mwaka 1927, akasoma kwanza katika chuo cha Hampton huko Virginia, kisha akaendelea katika vyuo vingine hadi kufika Columbia. Hampton ndicho chuo kilichokuwa chemchemi ya elimu ya kazi za mikono kwa weusi wa Marekani. Yaani mtu aliyeandaa chuo huru cha watu wake alikuwa amekunywa katika kisima kilekile walichokunywa waliowapangia Waafrika elimu ya jembe. Tofauti haikuwa katika maji. Ilikuwa katika mkono ulioshika kata.

Namna Githunguri ilivyojengwa yastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi. Fedha zilichangwa kwa marika, kila rika likijitahidi lisipitwe na lingine, kama ilivyokuwa desturi tangu kale. Wanawake, ambao wengi wao hawakupata kuingia darasani hata siku moja, walichanga kwa ajili ya kujenga bweni la wasichana. Hawakutazamia kulala humo wala kusoma humo. Walijenga kwa ajili ya mabinti zao, na mabinti wa watu wasiowajua. Baada ya vita, Jomo Kenyatta aliporejea kutoka Uingereza, akawa mkuu wa chuo hicho.

Chuo na shule hizo hazikudumu. Mwaka 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, ikawashtaki viongozi wa shule huru kuwa wameshirikiana na wapiganaji wa Mau Mau, ikazifunga shule hizo, na nyingine zikatiwa mikononi mwa misheni na mabaraza. Maelfu ya watoto walijikuta hawana darasa. Na chuo cha Githunguri, kilichojengwa kwa senti za wakulima na wajane, kikageuzwa kuwa mahali pa kuwanyongea watu waliohukumiwa kufa. Katika historia ya elimu ya Kenya hakuna ukurasa unaosikitisha kuliko huo. Watu walioambiwa kwamba hawapendi kazi walikuwa wamefanya kazi kubwa kuliko yote, nayo ikanyang'anywa kwa siku chache.

Hapa ndipo tunapopata fundisho la kwanza. Waliokataa jembe darasani ndio hao hao waliolishika jembe kusawazisha viwanja vya shule zao. Kwa hiyo hawakuwa wavivu, wala hawakuidharau kazi. Walichokataa ni kupangiwa kazi na watu wasioulizana nao, ili watoto wao wabaki chini. Kazi ni ileile, jasho ni lilelile. Lakini anayeamuriwa hubeba mzigo, na anayechagua hujenga nyumba.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Kenyatta, akiwa sasa kiongozi wa nchi, aliwapa wananchi neno walilolizoea wachukuzi na wajenzi wanapoinua kitu kizito kwa pamoja: Harambee. Neno hilo likawekwa katika nembo ya taifa. Wananchi waliliitikia kwa nguvu kubwa, na jambo walilolitaka kwanza lilikuwa shule. Kabla miaka ya 1960 haijakwisha, shule za sekondari zilizoanzishwa kwa michango ya watu zilikuwa zimezidi kwa idadi zile zilizosaidiwa na serikali. Katika shule za msingi wazazi walifyatua matofali, wanawake walibeba maji na mchanga, na watoto walileta mawe mkononi wakija asubuhi. Vijana vijijini nao walijiunga katika vyama vya 4-K, ambavyo jina lake ni kifupi cha maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Walilima bustani, walifuga kuku na sungura, walijifunza kuweka hesabu ya faida na hasara. Jembe lilikuwa limerudi shuleni, na safari hii halikuja na aibu.

Hata hivyo yafaa tuseme ukweli wote. Harambee ilikuwa na upande wake mgumu. Wilaya zenye kahawa na chai zilijenga shule nyingi na nzuri. Wilaya kame za wafugaji zilibaki nyuma, kwa maana mkono mtupu haulambwi. Tena mchango wa hiari mara nyingine uligeuka kuwa kodi. Siku ya Jamhuri ya mwaka 1973 serikali ilitangaza kwamba karo itaondolewa katika madarasa manne ya kwanza, na watoto wakamiminika mwaka 1974 kwa wingi usiopata kuonekana. Lakini vyumba havikutosha, na kamati za shule zikaanza kutoza fedha za majengo. Mahali pengi fedha hizo zikazidi karo iliyoondolewa, na watoto wa maskini wakarudi nyumbani kimya kimya. Fikirini mama mjane aliyebeba mchanga wa kujengea darasa, kisha mwanawe akafukuzwa katika darasa lilelile kwa kukosa shilingi chache za majengo. Huduma ya namna hiyo imepoteza roho yake.

Mwaka 1985 ulikuja mfumo mpya wa elimu, wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Kazi za mikono zilipewa tena nafasi kubwa: kilimo, sanaa na ufundi, muziki, na sayansi ya nyumbani. Kusudi lilikuwa jema, kwamba mtoto anayemaliza darasa la nane aweze kujitegemea. Lakini wazazi walitakiwa kujenga karakana na kununua vifaa, na mtihani wa mwisho ukawa mfalme juu ya yote. Shule nyingi zilifundisha ufundi kwa chaki ubaoni, na mtoto akaweza kutaja sehemu zote za randa asipate kuigusa hata siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya namna hiyo yaliondolewa katika mtihani wa taifa, na mara yakaachwa hata darasani.

Januari ya mwaka 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule zote za msingi za umma. Watoto waliokuwa karibu milioni 6 mwaka uliotangulia walipita milioni 7 katika muda mfupi. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule moja ya Eldoret akiwa amevaa sare, kaptura na soksi ndefu, ili ajifunze kusoma na kuhesabu. Dunia nzima ilistaajabu. Pamoja na furaha hiyo likatokea jambo lisilotazamiwa: mahali pengi wazazi walijitenga na shule, wakisema kwamba sasa ni mali ya serikali, na serikali ndiyo itakayoziba paa linalovuja. Uzi uliofungwa tangu siku za shule huru ulianza kulegea.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufuatwa nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini, umejaribu kuukaza uzi huo. Mtaala huu wataka mtoto ajifunze kwa kuihudumia jamii yake, na wataka mzazi ashiriki katika kujifunza kwa mwanawe. Wanafunzi hutumwa kupanda miti, kusafisha mazingira, kutengeneza vitu kwa vifaa vilivyotupwa, na kuuliza wazee habari za mahali pao. Na tazameni, malalamiko ya zamani yamesikika tena! Wazazi wamesema kwamba kazi nyingine huwaangukia wao usiku, baada ya kutwa ya kibarua. Kwamba vifaa hugharimu fedha. Kwamba mzazi mwenye kompyuta na mzazi asiye na umeme hawawezi kupewa kazi moja wakalinganishwa. Mtu asiyejua historia atawaita wazazi hao wavivu. Anayeijua atatulia kidogo na kuwasikiliza, kwa sababu mara mbili kabla ya hapo, Virginia na Kabete, manung'uniko ya wazazi yalibeba hoja ya haki.

Ni nini basi tunachoweza kukichuma katika safari hii ndefu? Kwanza, kazi na huduma si adui wa kitabu. Virginia Randolph alivifundisha vyote viwili, na akina mama wa Githunguri walitumia mikono yao ili mabinti wapate kusoma. Adui ni kumpa mtoto wa mmoja jembe peke yake na mtoto wa mwingine kitabu peke yake. Pili, jamaa hushiriki kwa moyo pale tu zinapokuwa na sauti. Kamati ya shule inayowaita wazazi ili iwasomee kiasi cha kulipa, hiyo imewaita wabebaji. Ile inayowaita ili wapange pamoja imewaita wenye shule. Tatu, mchango wa kila mtu na upimwe kwa uwezo wake. Mwenye fedha atoe fedha, mwenye ufundi atengeneze dawati, mzee asiye na kitu asimulie watoto habari za vita, za njaa na za mito iliyokauka, na simulizi hilo lihesabiwe kuwa ni mchango kamili.

Nanyi, vijana mnaosoma maneno haya, msidhani kuwa historia hii ni ya watu wengine. Ulizeni katika kijiji au mtaa wenu shule ya msingi mliyosoma ilijengwa mwaka gani, na nani alitoa ardhi yake. Ulizeni nani alibeba mawe ya msingi, na kama jina lake limeandikwa mahali popote. Mahali pengi mtakuta kwamba wabebaji wa mawe hawakuandikwa, na kwamba baadhi yao wangali hai, wanakaa hatua chache tu kutoka langoni. Waendeeni mkiwa na daftari. Kuyaandika maneno yao kabla hayajapotea ni huduma ambayo haidai fedha wala vifaa, na ni somo ambalo hakuna kitabu kingine kitakachowapa. Na siku mtakapokuwa wazazi ninyi wenyewe, na shule ikawaita, mtakuwa mnajua la kuuliza kabla ya kuinua jembe.